Je, Ni Ujinga Kuutazama Mchezo Mara ya Nne?

Wako wenzetu wengi hapa shuleni wanaoona ya kuwa mtu aliyekwisha utazama mchezo wa televisheni mara moja hana haja ya kuutazama tena. Husema kwamba kufanya hivyo ni kama kutafuna makapi ya muwa: utamu umekwisha nyonywa, kilichobaki ni kujichosha meno. Mimi nimechekwa mara nyingi kwa sababu hiyo, maana kila likizo nikirudi nyumbani huurudia mchezo mmoja wa upelelezi ambao sasa karibu naujua kwa moyo. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini nafikiri wenzangu wamekosea. Tena nitasema jambo moja ambalo mchezo huo ulinifundisha nilipourudia, jambo ambalo sikulipata hata chembe nilipoutazama mara ya kwanza.

Mchezo wenyewe waitwa Columbo. Ni mchezo wa Marekani, na mambo yake hutokea hasa katika mji wa Los Angeles. Waliomtunga mpelelezi huyo ni mabwana wawili, Richard Levinson na William Link. Alionekana katika televisheni mwaka 1968, mchezo ukawa wa mfululizo kuanzia 1971, ukaendelea hata 1978. Kisha ukapumzika, ukarudi tena mwaka 1989, na kisa cha mwisho kilionyeshwa mwaka 2003. Kwa jumla visa vyake ni 69, na kila kimoja ni kirefu kama sinema. Baba mdogo anazo diski za visa vingi, naye ndiye aliyenitia ugonjwa huu nilipokuwa kidato cha pili.

Luteni Columbo ni askari wa upelelezi, lakini ukimwona hutadhani. Huvaa koti la mvua lililokunjamana, hali mji wenyewe hauna mvua nyingi. Motokaa yake ni Peugeot 403 iliyochakaa, na mbwa wake hana jina ila "Mbwa" tu. Kila mara humtaja mke wake, ambaye sisi watazamaji hatumwoni hata siku moja. Bwana aliyemwigiza, Peter Falk, alizaliwa mwaka 1927 akafariki mwaka 2011. Tangu alipokuwa mtoto wa miaka mitatu alikuwa na jicho moja la kuona, la pili lilikuwa la bandia. Na lile koti lilikuwa koti lake mwenyewe kweli. Basi mtu wa namna hiyo hupelekwa katika majumba ya matajiri, madaktari, waandishi na wakubwa wa jeshi. Wao humdharau, humpa majibu ya upesi upesi ili aende zake. Naye hushukuru, huenda mpaka mlangoni, kisha hugeuka na kusema limebaki jambo moja dogo tu. Hapo ndipo mwenye nyumba huanza kutoka jasho.

Sasa turudi kwenye hoja ya makapi ya muwa. Wengi wetu tumesoma habari za Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla, ambaye hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitolewa mwaka 1960. Katika hadithi za namna ile msomaji hufichwa jina la mwuaji mpaka mwisho, na kila ukurasa hujiuliza: ni nani? Nakubali ya kuwa ukiisha kuambiwa jina hilo, sehemu ya utamu huondoka, ingawa si wote.

Lakini Columbo si hivyo. Karibu katika visa vyake vyote mwuaji huonyeshwa tangu mwanzo. Twamwona anavyopanga, twamwona anavyoua, twamwona anavyofuta alama za vidole na kurudi karamuni akicheka. Luteni mwenyewe bado hajafika. Namna hii ya kuhadithia haikuanzishwa na Wamarekani hao, Mwingereza R. Austin Freeman alikwisha ijaribu katika kitabu chake cha mwaka 1912. Kama kujua mwisho kungeua utamu, basi mchezo huu ungekuwa maiti tangu mara ya kwanza, kabla mpelelezi hajatia mguu. Nao haukufa. Watu wameutazama zaidi ya miaka hamsini. Kwa hiyo ni dhahiri ya kuwa utamu wake haumo katika kujua nani, bali katika kuona vipi.

Na "vipi" haionekani yote kwa mara moja. Mara ya kwanza macho yote humfuata mwuaji, maana yeye ndiye mwenye mambo. Chukua kisa kimoja cha mwaka 1971, kilichoongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana wa miaka ishirini na minne. Ni habari za waandishi wawili wa vitabu waliokuwa na shirika. Mmoja huandika kweli, na mwingine huvuna sifa. Yule wa sifa anapoona mwenzake ataka kujitenga, anamwua. Mara ya kwanza nilitazama ujanja wa mwuaji tu. Mara ya pili ndipo niliposikia jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo: motokaa ya mwuaji inakuja barabarani, wala hatusikii ngurumo yake, twasikia taipureta tu. Mmoja yu kazini anaandika, mwingine yu njiani kumwua. Mlio ule ulikuwapo mara ya kwanza pia. Masikio yangu ndiyo hayakuwapo.

Katika kisa kingine cha mwaka 1973 mwuaji ni mtengenezaji wa mvinyo, apendaye mvinyo wake kuliko ndugu yake. Nilipokirudia nilimwacha mwuaji nikamtazama Luteni. Nikaona ya kuwa hakujifanya ajua. Alikwenda kwa mtu mwenye elimu ya mvinyo akaomba afundishwe, kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Elimu hiyo ndogo ndiyo iliyomtega mwuaji, kwa kuwa mwuaji mwenyewe, kwa ulimi wake wa fahari, ndiye aliyekiri ya kuwa mvinyo fulani umeharibiwa na joto, asijue kwamba umetoka katika ghala lake. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Mchezo mzima wa Columbo umejengwa juu ya methali hiyo.

Lakini kisa nilichokusudia hasa kukieleza ni kile cha mwaka 1974 kiitwacho By Dawn's Early Light, kwa sababu mambo yake hutokea katika shule ya bweni kama yetu. Ni shule ya kijeshi ya wavulana. Mkuu wake ni Kanali Rumford, aliyeigizwa na Patrick McGoohan, mtu mkali, mnyofu wa mgongo, aipendaye shule kuliko nafsi yake. Mjukuu wa mwanzilishi wa shule ataka kuibadili iwe chuo cha kawaida cha wavulana na wasichana. Kanali hakubali. Alfajiri moja anauendea mzinga wa zamani unaopigwa katika sherehe za shule, anaziba mdomo wake kwa tambara la kusafishia, na baruti ya kawaida anaibadili kwa baruti kali. Siku ya sherehe mjukuu yule anaupiga mzinga kwa mkono wake mwenyewe, nao unampasukia.

Halafu yanapatikana mabaki ya tambara. Aliyepewa kazi ya kuusafisha mzinga ni mwanafunzi mmoja, Springer, kijana mwenye sifa ya makosa mengi. Basi, hapana haja ya kufikiri tena! Kijana mzembe amesahau tambara, mtu amekufa. Kanali alimchagua kwa makusudi, akijua ya kuwa mtu mwenye jina baya hahitaji kushtakiwa sana. Jina lake lamshtaki.

Nilipokitazama kisa hiki mara ya kwanza, katika kidato cha pili, nilimpenda Kanali. Naona haya kuandika hivyo, lakini ni kweli. Nilipenda sauti yake na saluti zake. Springer sikumtia maanani. Mara ya pili, likizo iliyofuata, nilitazama mtego tu. Mara ya tatu ilikuwa Desemba ya mwaka jana, nyumbani, na bibi yangu alikuwa ameketi nami. Bibi hajui Kiingereza, hivyo nilikuwa nikimfasiria kidogo kidogo. Tulipofika mahali Springer anapotuhumiwa, bibi akaniambia kwa utani wake wa siku zote, "Mume wangu, na yule kijana je? Wamemwuliza mwenyewe?"

Nikamjibu, "Ngoja, bibi. Mwuaji atakamatwa, mimi naujua mwisho."

Akasema, "Sikukuuliza mwuaji. Nimekuuliza yule mtoto."

Nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza kwangu bibi hakuijua. Nitaieleza hapa.

Muhula wa pili wa mwaka huo huo, tulipokuwa kidato cha tatu, fedha zilipotea bwenini. Zilikuwa shilingi elfu kumi na tano za mwenzetu mmoja, alizopewa nyumbani za matumizi ya muhula. Kabla ya kengele ya chakula cha jioni bweni zima lilikwisha mjua mwizi. Alikuwa mwenzetu ambaye mwaka uliotangulia aliwahi kukamatwa na sukari ya mtu. Hakuna aliyemwona akichukua fedha. Aliulizwa mtu yeyote aliyemwona karibu na kitanda cha mwenye fedha, nami nikanyosha mkono nikasema, "Mimi nilimwona ameinama pale mchana." Ilikuwa kweli. Lakini nilimwona pia akitoa ndoo yake chini ya kitanda kile, akaenda nayo bombani. Hilo sikulisema. Hakuna aliyeniuliza, na maneno yangu ya kwanza yalikuwa yamepokewa kwa shangwe kubwa mno hata nikaona tabu kuongeza mengine.

Alimwagiwa tranka lake chini mbele ya bweni zima. Fedha hazikuonekana. Tukasema amezificha. Tangu siku ile hakuna aliyekula naye meza moja, wala aliyemwazima kitabu. Wiki ya mwisho ya muhula, mwenye fedha alikuwa akibadili jalada la kitabu chake cha jiografia, lile la karatasi ya kalenda, na noti zikaanguka. Alizificha mwenyewe akasahau. Tulicheka sana. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka. Mwenzetu yule alikuwa amekaa kitandani kwake akifunga mizigo, naye hakucheka. Muhula wa tatu hakurudi. Sisemi ya kuwa aliondoka kwa ajili yetu, maana sikumwuliza. Na hilo ndilo kosa langu lote tangu mwanzo hata mwisho: sikumwuliza neno.

Basi, wasomaji wenzangu, Desemba ile kisa kilikuwa kile kile, waigizaji wale wale, mzinga ule ule. Lakini mimi sikuweza tena kumtazama Kanali. Nilimtazama Springer, jinsi anavyosimama wima huku maneno yamekwisha tolewa juu yake. Likizo hii iliyopita nimekitazama mara ya nne, makusudi, ili nione Luteni alifanya nini ambacho sisi hatukufanya. Nimeona mambo matatu.

Kwanza, hakuridhika na jina baya. Alikwenda akalala katika jengo la wanafunzi wenyewe, akawasikiliza. Pili, aliwaacha wamwambie hata mambo yao ya aibu. Wanafunzi wale walikuwa na siri yao: walikuwa wakichachusha maji ya matofaa, na chombo chake walikining'iniza nje ya dirisha. Kwa sheria za shule lilikuwa kosa. Lakini ni kosa hilo lililomwokoa Springer, kwa maana Kanali alitamka ya kuwa alikiona chombo kile, nacho kiliweza kuonekana alfajiri ile tu, tena kwa mtu aliyesimama penye mzinga. Hapo najifunza ya kuwa mwenye kosa dogo si lazima awe mwenye kosa kubwa, na kwamba ukiwatisha watu kwa makosa yao madogo hutaupata ukweli wa yale makubwa. Tatu, hakupiga kelele wala hakumpiga mtu. Hata huyo mwuaji alimwita "bwana" mpaka dakika ya mwisho.

Najua yako majibu. Mwingine atasema kwamba tuna mtihani mwaka huu, na saa za kurudia michezo ni saa za kurudia hesabu. Ni kweli, na ndiyo sababu mimi huutazama katika likizo tu. Lakini mbona vitabu vya fasihi twaambiwa tuvisome mara tatu, mara nne, na hakuna anayetuita wajinga? Mwalimu hatuambii tukirudie kitabu kwa kuwa mwisho wake umebadilika. Atuambia hivyo kwa kuwa sisi tumebadilika, na sasa twaweza kuona tulichokipita.

Mwingine atasema kwamba Columbo ni mchezo tu, na mbele ya hakimu wa kweli ushahidi wake mwingine usingesimama. Hilo nakubali kabisa. Iko siku Luteni humtega mwuaji kwa uongo, tena humfuatafuata mtu mmoja hata ungesema amemwonea. Sisi hatuchukii, kwa sababu tulikwisha mwona mtu huyo akiua. Nami nimelifikiri sana neno hili, kwa kuwa ndilo hatari ya mchezo wenyewe. Katika Columbo mtazamaji huonyeshwa mwanzo. Katika bweni hakuna anayeonyeshwa mwanzo. Siku ile ya fedha sisi sote tulifanya kana kwamba tulikwisha ona zile dakika ishirini za kwanza: tumemwona anavyofungua tranka, tumemwona anavyotia fedha mfukoni. Hatukuona kitu. Tulichokuwa nacho ni habari ya sukari ya mwaka uliopita, na sentensi yangu moja iliyokatwa katikati.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mtu asionee haya kuurudia mchezo mzuri, wala kitabu kizuri. Mara ya kwanza twautazama kwa haraka ya kutaka kujua; mara za baadaye twautazama kwa utulivu, na ndipo tunapowaona wale waliosimama pembeni. Na kwa viranja na wakubwa wa mabweni, ambao mwaka ujao watakuwa ninyi mlio kidato cha tatu sasa, naomba kitu kikipotea mfanye mambo haya kabla ya kumwaga tranka la mtu. Mwenye mali aulizwe kwanza, aende akatafute upya mahali pote, hata ndani ya majalada. Anayetuhumiwa aulizwe faragha, si mbele ya watu sitini wanaopiga miluzi. Na anayesema ameona, aambiwe aseme yote aliyoyaona, kisha aulizwe tena kama limebaki jambo moja dogo. Mimi kama ningeulizwa hivyo, nafikiri ningesema.

Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tulianza na kunyonga.

Gazeti hili huenda mbali, na wanafunzi waliohama hupata nakala kwa rafiki zao. Ikiwa nakala hii itafika mikononi mwa mwenzetu yule, jina lake sikuliandika, lakini mwenyewe atajijua. Nataka ajue ya kuwa ndoo niliiona.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne